Linta ya Mwashi

Kijana akihama kijiji kile, chumba chake kinamfuata. Nyumba ya Mwashi ilikuwa imebaki na sebule na vyumba viwili, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa kimesimama peke yake, mbali na kingine.

Mwashi aliijenga nyumba hiyo kwa mikono yake, kwa tofali za kuchoma, na hakuijenga kwa mpigo. Alianza na sebule na chumba chake na mkewe. Kila mtoto alipozaliwa aliongeza chumba ubavuni, akakiegemeza kwenye kile cha mwisho, akamalizia lipu mtoto akiwa anaota meno. Kwa hiyo kifungua mimba alipopanda basi kwenda mjini kutafuta kazi, chumba chake kilichomoka bila taabu. Kiliinuka basi lilipokata kona ya kinu, kikapita juu ya mashamba kwa kimo cha mti wa wastani, kikashika barabara kuu. Mwashi alikuwa juu ya ngazi kwa jirani na alikiona kikipita. Alimaliza tofali zilizokuwa mkononi, akashuka, akaenda nyumbani kupiga lipu ukuta uliobaki wazi.

Jioni kifungua mimba alipiga simu.

"Baba, chumba kimefika."

"Kimefika salama?"

"Lipu imepasuka kidogo chini ya dirisha."

"Chota saruji uzibe. Usijaze mchanga."

"Kina kufuli, Baba. Mwenye kiwanja amekikuta kimesimama kwake, anasema ni cha kwake."

"Na wewe utalala wapi?"

"Humo humo. Nimepanga."

Mwashi alifikiri, akasema si haba. Afadhali kupanga chumba ambacho mtu anajua kinavuja wapi.

Mwana wa kati alipoondoka, cha kwake nacho kikaenda, na kati ya chumba cha baba na cha binti yake wa mwisho pakabaki uwazi ambao kuku waliufanya njia. Mama yao alikuwa amekwisha kufariki. Wafu hawachukui vyumba, kwa hiyo kitanda chake kilikuwepo.

Kijiji kizima kilikuwa hivyo. Mwenye duka aliuza maturubai kuliko sukari. Nyumba ya wageni iliyokuwa njia panda iliondoka chumba baada ya chumba, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amewapa wanawe kila mmoja chumba cha kusimamia, na wanawe walikuwa wengi. Kilibaki kibao kinachosema kuna maji ya moto. Mwashi alizunguka na mwiko wake akiziba kuta za watu. Kazi haikumpungukia. Alipungukiwa mtu wa kumsaidia.

Halmashauri ikaleta mshauri wa vijana. Alikuwa mwanamke wa makamo kidogo, mpole, mwenye viatu vya kutembelea. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha vijana kazi na mafunzo yaliyopo karibu nao, ili asiyetaka kuondoka asilazimike kuondoka. Alipewa ghala kuukuu karibu na kinu. Chumba chake kilimfikia wiki ileile, kikatua nyuma ya ghala. Kilikuwa chumba cha mtoto, chenye dirisha la chini na alama za penseli kwenye fremu ya mlango, mahali ambapo mtu fulani alikuwa akimpima urefu. Kilikuwa kimemfuata tangu alipopelekwa shule ya bweni, na baada ya hapo kila kituo cha kazi. Ofisi ya kijiji ilimtoza kodi ya kukaa ndani yake, kwa kuwa ardhi ni ya kijiji.

Alikuja na picha za kubandika ukutani: daktari, rubani, mwanasheria, wote wamesimama mbele ya maghorofa. Alizibandika, akazitazama, akazibandua. Kisha akaanza kutembea. Alimwuliza mwenye kinu, fundi baiskeli, mkunga, mtu wa pampu ya maji, kila mmoja swali lilelile: ukipata kijana wa kufundisha, utamchukua? Wengi walijibu kwamba hawajawahi kuulizwa.

Aliwaita vijana ghalani. Walikuja, maana siku hiyo hapakuwa na mpira.

"Dada mshauri," akasema mmoja waliyemwita Profesa kwa sababu alirudia darasa mara nyingi, "hapa kuna kazi gani? Kuhesabu mapengo?"

"Nani anayaziba?"

"Mzee Mwashi."

"Siku asipokuwepo?"

"Tutayahesabu kwa nafasi."

Wakacheka wote, na mshauri akacheka nao. Walipotawanyika alibaki binti mmoja, kitinda mimba wa Mwashi. Kijijini walimwita Kitinda tu.

"Mimi nataka kujenga," akasema.

"Baba yako unamwambia nini?"

"Anadhani namletea chai. Akienda kuchota maji napanga tofali mbili tatu. Akirudi anadhani alizipanga yeye."

Mshauri alimfuata Mwashi kazini, kwenye nyumba ya mjane mmoja iliyokuwa imepoteza ubavu mzima. Mwashi hakuacha kufanya kazi.

"Wawili niliwafundisha," alisema. "Wameondoka na vyumba na mwiko wangu mmoja."

"Huyu anataka kubaki."

"Wote walitaka."

"Walikwambia?"

"Hapana. Huyu kakwambia wewe?"

"Ameniambia."

Mwashi alikwangua udongo kwenye mwiko, akakwangua tena ingawa ulikuwa umetakata. "Basi kesho aje na viatu vya maana," akasema. "Ndala sizitaki hapa."

Majirani walipata la kusema. Mwenye duka alimwuliza Mwashi, "Umempa binti mwiko, ugali utasongwa na nini?" Mwashi akamjibu kwamba ukuta wake wa nyuma una mimba, na utakapojifungua amwite mwanamume mwenzake. Mwenye duka alikwenda kuutazama ukuta. Ulikuwa umefura kweli. Aliyekuja kuunyoosha alikuwa Kitinda.

Kujifunza kulimchukua muda. Alianza na kuchanganya udongo, akaendelea na kupanga, akafika kwenye kona, ambako ndiko ufundi unakojulikana. Kona yake ya kwanza ilikwenda upande. Mwashi aliisukuma kwa mguu kabla haijakauka, akaondoka zake. Ya pili akaisukuma pia. Ya tatu aliining'inizia timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, akafumba jicho moja, akalifumbua, akaikunja kamba na kwenda kunywa chai. Kitinda alikaa chini juu ya mfuko wa saruji akatabasamu peke yake, maana sifa kubwa kuliko hiyo hakuna aliyewahi kuipata kwa baba yake.

Walizoea kurudi nyumbani pamoja, wakiwa wamejaa vumbi, wakibishana kuhusu mchanga. Mwashi, ambaye alikuwa amekaa miaka akiongea na kuku, alianza kumaliza sentensi zake.

Kisha ikaja kazi ya zahanati. Kijiji kilikuwa kimeiomba tangu mama Kitinda akiwa hai. Mkandarasi alitoka mjini na watu wake, na kwa kuwa watu wake hawakutosha alimpa Mwashi upande wa mashariki. Mwashi alikuja na binti yake. Ukuta ukapanda.

Mkaguzi wa majengo alipofika aliweka pimamaji juu ya safu ya mwisho. Povu likasimama katikati. Akangoja, huenda litabadili nia. Halikubadili.

"Ukuta mzuri," akasema. "Nani kaujenga?"

"Mimi," akasema Kitinda.

"Cheti kiko wapi?"

"Ukuta ndio huo."

"Ukuta nimeuona. Cheti."

Mwashi akatoa kadi yake ya ufundi, ya enzi zile mpimaji wa mafundi alipokuwa akija mwenyewe kijijini, akilala nyumba ya wageni, akiwapima mafundi palepale kazini na kuwagongea mhuri. Mkaguzi akaisoma mbele na nyuma kwa heshima. Kadi ilikuwa ya Mwashi, akasema, na Mwashi aendelee. Binti anaweza kubeba maji. Kubeba maji hakuna cheti. Hakuwa mtu mbaya. Alikunywa chai ya Kitinda, akasema ina tangawizi ya kutosha, akaondoka.

Mshauri alikwenda kwenye kilima chenye mtandao akapiga simu ofisi inayopima mafundi. Aliomba mpimaji aje. Wakamjibu kwamba mpimaji hatumwi mahali pasipo na malazi, na taarifa walizokuwa nazo ni kwamba nyumba ya wageni imehama. Akasema anaweza kumpisha mpimaji chumba chake. Wakauliza kina ukubwa gani. Akawaambia. Wakasema kitanda hakitamtosha mtu mzima.

"Sasa afanye nini?" akauliza mshauri.

"Aje mjini. Asome kozi, apimwe mwisho."

"Yanayofundishwa kwenye kozi hiyo anayajua."

"Basi haitamsumbua."

Aliporudi aliwakuta baba na binti wamekaa kibarazani, akawaeleza kama alivyoelezwa. Hakuongeza matumaini wala hakupunguza. Kitinda akasema kozi ina mwisho, na mtu anayekwenda kwa nia ya kurudi huenda chumba chake kikamngoja. Mwashi akamkumbusha mwana wa mwenye kinu. Kijana yule alikwenda mjini kutibiwa jicho tu, hata nguo za kubadili hakubeba, na chumba kikamfuata vilevile. Alirudi. Chumba hakikurudi, maana vyumba vinajua njia moja tu. Sasa analala juu ya magunia na jicho limepona.

"Nisiende, Baba?"

Mwashi aliinuka akaenda kukizunguka chumba cha binti yake, akikigonga kwa kifundo cha kidole hapa na pale, kama mtu anayenunua mtungi. Alizunguka hadi giza likaingia. Kosa, aliona, lilikuwa lake. Kila chumba alikuwa amekiegemeza tu kwenye chenzake, bila kukifunga. Kitu kilichoegemezwa kinaondoka. Kitu kilichofungwa hakiondoki. Fundi yeyote angesema hivyo.

Kesho yake aliagiza nondo na kokoto. Aliamua kumwaga linta, ule mkanda wa zege unaozungushwa juu ya kuta zote ili nyumba ishikane. Linta hiyo ingeizunguka sebule na chumba chake, ivuke ule uwazi wa kuku juu ya nguzo mbili, na kukikamata chumba cha Kitinda pande zote nne. Kitinda ndiye aliyekunja nondo.

"Baba, hizi ni nene mno kwa nyumba ya bati."

"Kunja."

"Hujengi ghorofa."

"Kunja, mwanangu."

Akakunja. Alijua alichokuwa akikifunga, na alikaza kila waya mara mbili.

Walimwaga zege siku moja, bila kupumzika, na wakalimwagilia maji asubuhi na jioni hadi likakomaa. Watu walikuja kutazama. Ilipendeza, mkanda wa kijivu ulionyooka ukivuka hewani kutoka nyumba hadi chumba kama mkono wa mtu aliyemshika mwenzake. Majirani wawili walimwomba Mwashi awafungie na zao. Mshauri naye alikuja, akauegemeza mkono wake kwenye nguzo.

"Itashika, mzee?"

"Zege langu halijawahi kuachia."

Na hilo lilikuwa kweli.

Siku ya safari Mwashi alimsindikiza binti yake hadi njia panda, chini ya kibao cha maji ya moto. Alimbebea begi. Lilikuwa jepesi, maana Kitinda alikuwa ameacha karibu kila kitu chumbani kama dhamana.

"Umefunga mlango?"

"Nimefunga."

"Huko usibishane na walimu. Hata wakikosea."

"Nitajaribu."

"Jaribu."

Basi lilikuja, likamchukua, likakata kona ya kinu. Mwashi alihisi upepo kidogo kwenye shingo. Hakugeuka. Alisimama pale hadi vumbi lilipotulia, kisha akarudi kwa njia ndefu ya mtoni.

Nyumba haikuwepo. Palikuwa na msingi, umekatika sawasawa kama mkate uliokatwa kwa kisu kikali, na kuku wamesimama katikati ya sebule isiyokuwepo. Mwenye duka alikuwa amekuja kumngoja.

"Imeondoka vizuri," akamwambia. "Nzima nzima. Haikugusa hata kamba ya nguo."

"Nguzo?"

"Zimeenda nayo."

"Ziliyumba?"

"Hata kidogo. Chumba cha binti kilitangulia, nyumba iliyobaki ikafuata, imeshikwa mkono. Hata glasi mezani hazikulia."

Mwashi akatikisa kichwa taratibu. Aliinama akapitisha kiganja juu ya msingi, akitafuta ufa. Hakuupata. Wale majirani wawili walipita baadaye kusema kwamba ile kazi ya linta wangeiahirisha kidogo.

Simu ililia siku iliyofuata.

"Baba, nyumba imefika."

"Imepasuka?"

"Haina hata mkwaruzo. Mwenye kiwanja ameisifu. Anasema tangu aanze kupokea vyumba hajapata kitu kilichofungwa hivi."

"Yupi?"

"Yuleyule wa kaka. Ameigawa. Mimi nimepanga changu. Sebuleni kuna kinyozi. Chumba chako na mama amechukua mtu anayeuza simu. Anauliza mbona mlango unakwaruza sakafu."

"Mwambie auinue kidogo anapofungua."

"Nimemwambia."

"Basi."

Wote wawili walibaki na simu masikioni hadi salio likaisha.

Kozi ilikwisha. Kitinda alifaulu, ingawa alibishana. Alirudi kijijini na cheti ndani ya mfuko wa plastiki, akalala kwa mshauri, chini sakafuni kwa sababu kitanda kilikuwa kifupi. Asubuhi alikwenda ofisi ya kijiji kukionyesha. Karani alikisoma, akampongeza, akamwita fundi, mara ya kwanza mtu wa ofisi kumwita hivyo. Kisha akamweleza kwamba majengo ya umma hupewa wakandarasi, na wakandarasi huajiri mjini. Akitaka kujenga hapa, akaajiriwe kule, halafu akiwa na bahati atatumwa huku.

Alipita zahanati. Ilikuwa imekwisha. Ukuta wa mashariki ulikuwa umepandishwa na watu wa mkandarasi kuanzia pale yeye na baba yake walipoachia, na mtu akiutazama kutoka pembeni anaona mahali ulipoanza kuinama. Ilifungwa kwa kufuli. Muuguzi hakuwa amepatikana, kwa kuwa hapakuwa na nyumba ya kumweka.

Baba yake alikuwa amejitengenezea kibanda cha mabati ya kuazima juu ya msingi, mahali palipokuwa chumba chake. Walikaa ukingoni mwa msingi, miguu ikining'inia, wakanywa chai.

"Bakini hapa, nitajenga chumba," akasema Mwashi, akimhesabu binti yake kama watu wengi.

"Kwa kazi gani, Baba?"

Mwashi alitazama upande wa kijiji. Waliokuwa na kuta za kuzibwa walikuwa wamebaki wachache, na wenye pesa ya kuzibia walikuwa wachache zaidi. Kitinda akaondoka na basi la mchana. Safari hii hakuna kilichomfuata.

Alipata kazi kwa mkandarasi anayemwagia zege wenye viwanja. Siku moja baba yake akamwuliza simuni anajenga nini huko.

"Namwaga majamvi ya zege, Baba. Ya kupokelea vyumba, ili vikitua visikae upande."

"Utajuaje ukubwa, na chumba hakijafika?"

"Najua. Vingi tulivipiga lipu mimi na wewe."

Mwaka ulipokwisha halmashauri ilimwandikia mshauri barua ya pongezi, maana binti mmoja wa kijiji kile alikuwa amepata mafunzo, cheti na ajira, na hakuna kijiji jirani kilichofikia hapo. Walimhamisha kwenda kuwasaidia wengine. Aliaga ghala, akamuaga Mwashi kwa kumshika mkono kwa mikono yake miwili, akapanda basi. Chumba chake cha utotoni kilijiinua nyuma ya ghala kikamfuata, na mlango wake ulikuwa wazi ukipigapiga.

Gharama ya cheti hicho ilikuwa hii. Kwa Mwashi, sebule moja, vyumba viwili, kitanda cha mkewe, na mtu wa kubishana naye kuhusu mchanga. Kwa Kitinda, kodi ya kila mwezi ya chumba alichojengewa alipozaliwa. Kwa kijiji, fundi mmoja, ambaye kilikuwa naye tayari.